Ubao wa Kumi na Kumi

Hayes,
Jumatatu, 25 Agosti 2025

Mzee Vijay,

Salamu zipo, ila leo zitangoja. Hii ni barua ya malalamiko. Nimeiandika kwenye karatasi kwa sababu kanuni ya klabu, uliyoitunga mwenyewe ulipochoka kupigiwa simu ukiwa mezani unakula, inasema anayepinga uamuzi wa karani wa mchezo aandike, atie saini, na apeleke ndani ya siku tatu. "Mum, just WhatsApp him," ndivyo binti yangu Miska anavyoniambia, miguu juu ya kochi. Nimemwambia mzee huyu vya kwenye simu havitambui. Nimeandika kwa Kiswahili kwa kuwa klabu nzima wanaokisoma ni watatu, mimi, wewe na kocha wetu Hillary, na Hillary hana subira ya kumaliza ukurasa.

Shauri ni la jana. Zamu ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi sita. Nimepiga, nimefika kituo cha kwanza. Mrushaji wao akajiandaa kumrushia mpigaji wetu aliyefuata. Mwenzangu hajagusa mpira, mimi nikaondoka, nikafika kituo cha pili kwa miguu yangu hii. Katika besiboli huko ndiko kuiba kituo, na hakuna jina jingine. Baada ya mchezo nikaja mezani kwako kutazama daftari, nikakuta umeandika: hakuiba, hawakumjali.

Wewe unajua maana yake kuliko mtu yeyote. Kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo kuna ubao. Ili jina lako liandikwe pale, uwe ndani ya msimu mmoja umevusha mpira juu ya uzio mara kumi, na umeiba vituo kumi. Miaka thelathini na moja, majina manne tu, yote ya vijana wa kiume. Wenye nguvu hawakimbii, na wenye mbio mpira wao unaishia kwenye majani. Mimi nina miaka arobaini na mitatu na kilo tisini na sita. Mpira nimeuvusha uzio mara kumi na mbili. Vituo, kwa hesabu yangu, kumi. Kwa yako, tisa.

Umebaki mchezo mmoja, na mara nyingi nikifika kituo cha kwanza Hillary ananitoa, anaweka kijana akimbie badala yangu. "Wewe chapa mpira tu, Big Mama, hii maneno ya mbio tuachie vijana." Jana aliniacha kwa sababu benchi lilikuwa tupu. Jina hilo la Big Mama walilichapa mgongoni mwa fulana yangu mwaka wa kwanza, nikacheka nao kwa vile nilikuwa mgeni. Sasa si mgeni na sicheki.

Nataka kituo changu.

Mwanamwema Shaame Faki


Rayners Lane,
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Kwa Bi Mwanamwema Shaame Faki,

Malalamiko yako yamepokelewa ndani ya muda, na nimeyasoma mara mbili. Sushila aliyasoma kabla yangu, kwa kuwa ndiye aliyefungua bahasha. Akasema nikupe kituo chako yaishe. Nimemwambia mke wangu daftari si sahani ya bajia, halipitishwi kwa wageni kila mtu achukue anachopenda.

Kanuni iko wazi. Mkimbiaji akisogea, na wapinzani wasifanye jitihada yoyote ya kumzuia kwa kuwa hawaoni atawadhuru nini, hahesabiwi ameiba. Walikuwa mbele kwa pointi sita, zamu ya mwisho. Nilikutazama tangu ulipoinua mguu. Mdakaji aliushika mpira, akakuona, akaurudisha taratibu kwa mrushaji kama mtu anayerudisha kikombe jikoni. Hawakukujali. Sikuwatungia mimi, nimeandika walichofanya.

Niliandika kriketi miaka ishirini kabla ya kuvuka kuja kwenye uwanja wenu wa besiboli, mlipokuwa hamna hata mtu wa kujua nani ni wa ngapi kupiga. Huko kote sijampa mtu kitu kwa kuwa nampenda. Wewe nakupenda. Umetuletea futari nyumbani mwezi mzima Sushila alipovunjika mkono, na sisi si watu wa kufunga. Lakini jibu langu ni hapana.

Vijay
Karani wa mchezo


Hayes,
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mzee Vijay,

Umenitazama tangu nilipoinua mguu. Vizuri sana. Basi niambie niliondoka na mguu upi.

Leo baada ya mazoezi nilimwomba Hillary ufunguo wa kabati la madaftari. Alinipa kwa furaha, nadhani alifikiri nataka kufagia. Nimekaa chini sakafuni saa mbili na madaftari yako, na nakiri una mwandiko mzuri, hata wa mwaka 2004 unasomeka kama wa jana. Nilikuwa natafuta wale wanne wa ubaoni. Nilitaka kuona kumi yao ilipatikanaje.

Tarehe 17 Julai 2011. Zamu ya mwisho, tuko nyuma kwa pointi tano. Hillary, kijana wa miaka ishirini na sita wakati huo, anatoka kituo cha kwanza kwenda cha pili. Hakuna aliyerusha mpira kumzuia. Ungerushwa ungeandika namba ya aliyerusha na ya aliyepokea, kama unavyofanya siku zote, na pale hapana namba. Umeandika: ameiba. Pembeni, kwa penseli, umeongeza maneno: mbio zake zimewakatisha tamaa. Hicho kilikuwa kituo chake cha kumi. Kwa hicho jina lake liko ubaoni, na kwa jina hilo leo ni kocha anayeniambia mbio niwaachie vijana.

Sasa nieleze, Mzee wangu, maana mimi nabeba mizigo, sikusoma sheria. Hillary asiporushiwa mpira, sababu ni mbio zake. Mimi nisiporushiwa, sababu ni kilo zangu. Uwanja ni huohuo, kanuni ni hiyohiyo, na karani ni wewe yuleyule. Kilichobadilika ni nani anakimbia. Nimeumia, na siwezi kukuficha. Wale wa timu pinzani kutonijali nimezoea, tangu nije nchi hii wapo watu wanaonipita kwenye foleni kama nguzo. Wewe nilikuweka upande wangu.

Ufunguo nimeurudisha. Sakafu sikufagia.

Mwanamwema


Rayners Lane,
Jumatano, 3 Septemba 2025

Bi Mwanamwema,

Sijui uliondoka na mguu upi.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka nikaenda dukani kununua maziwa ambayo hatukuyahitaji. Sasa nimerudi, naimalizia. Sikukuona ukiondoka. Nilikuwa namimina chai. Chupa ilikuwa imekaza kifuniko, nikaishika kwa mapaja, nikainamisha kichwa, na nilipokiinua wewe ulikuwa tayari umesimama kituo cha pili unajifuta vumbi. Mpira ulikuwa kwa mrushaji. Nikaona hakuna aliyerusha, nikaandika hawakukujali. Yale ya mdakaji na kikombe cha jikoni niliyatunga Alhamisi, kwenye meza hii, ili barua ipendeze.

Lakini chai si sababu yote, na kwa kuwa nimeanza kusema nitasema hadi mwisho. Siku ile ya Hillary nakumbuka nilikuwa nimesimama. Mtu kama yule akifika kituo cha kwanza, nilikuwa naweka kalamu chini na kuinuka. Wewe ulipofika kituo cha kwanza nilijiambia hapa hapana jambo, huu ndio wakati wa chai. Kwa hiyo wasiokujali walikuwa kumi, tisa uwanjani na mmoja mezani. Nimeona aibu, na aibu hiyo ni yangu, wala sitaki uninyanyulie.

Kosa la karani linaweza kusahihishwa kabla ya daftari kupelekwa ligi tarehe 30. Nitafuta nilichoandika, niandike: ameiba. Utakuwa na kumi na jina lako litapanda ubaoni. Niambie tu kwamba umekubali.

Sushila haongei nami tangu jana. Anasema nimepata karani wa kunikagua, na nilistahili.

Vijay


Hayes,
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mzee Vijay,

Mguu wa kushoto.

Barua yako nimeisoma ndani ya basi nikitoka shifti, nikapitishwa ninaposhukia. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika upya. Umesema kweli na nakuheshimu kwa hilo. Wangapi wangesema? Lakini kituo hicho sikitaki. Ukikiandika sasa, watasema Big Mama amelia akapewa. Nitaingia chumba kile kila Jumapili nione jina langu na nijue limepandishwa kwa chai ya Mzee Vijay. Nakataa, na hili ni katazo langu kwa maandishi, likae kwenye faili lako.

Nitakichukua kingine, tarehe 14, wote wakinitazama.

Ngoja nikuambie nakimbiaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Ghalani kwetu foklifti, lile gari la kuinulia mizigo, hugeuka kwa magurudumu ya nyuma. Ukikodolea macho uma wake wa mbele utagongwa. Miaka kumi na moja mimi natazama nyuma. Basi mrushaji naye ni hivyo. Wote wanamtazama mkono, mimi namtazama kisigino cha mguu wa nyuma. Kikitulia chini, anamrushia mpigaji, na mimi naondoka. Kikiinuka, ananigeukia mimi, narudi. Sina mbio ndefu, Mzee wangu. Nina hatua kumi na tatu, na kituo cha pili hakihitaji zaidi ya hizo.

Na kabla ya foklifti kulikuwa na nage, kwetu Wete. Mmoja anakurushia mpira huku, mwingine kule, wewe uko katikati unakwepa. Nilikuwa mtoto mnene. Kila mgeni alidhani mimi ndiye wa kulengwa kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutoka.

Nimempigia simu Dhiren, nahodha wa timu tunayocheza nayo. Nimemwambia: "Jumapili nikifika cha kwanza naondoka. Mwambie mdakaji wako." Akacheka. Nikamwambia cheka, ila mwambie.

Ombi langu kwako ni moja. Chupa ya chai iweke chini ya meza.

Mwanamwema


Rayners Lane,
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Bi Mwanamwema,

Jana uliondoka bila kuaga, umelowa, na nilikuona ukiwa kituo cha basi huku umeshika kofia yako mkononi. Sikukufuata kwa sababu sikuwa na la kukuambia pale. Leo naandika kwanza kama karani, halafu nitaandika kama mtu.

Kama karani: zamu ya tatu mrushaji alikosea mara nne, ukapewa kituo cha kwanza. Kocha aliinua mkono kumwita kijana akimbie badala yako. Mkimbiaji, yaani wewe, alibaki amekanyaga kituo, mikono kiunoni, akasema kwa sauti iliyofika mezani kwangu, "Ukitaka nitoke, njoo uninyanyue." Hakujitokeza wa kunyanyua. Mrushaji alimgeukia mara tatu, mara tatu alirudi salama. Mara ya nne kisigino kilitulia. Mkimbiaji aliondoka kwa mguu wa kushoto. Mdakaji alisimama na kurusha kwa nguvu zake zote, mpira ukafika chini na sawasawa, wala haukuwa na kasoro. Mkono wa mkimbiaji ulifika kabla yake. Salama. Karani alikuwa amesimama. Chupa ya chai aliipiga teke bila kujua.

Kama karani tena, na hapa kalamu inakuwa nzito: zamu ya nne mvua ilianza, na huhitaji mimi nikuambie mvua ile ilivyokuwa. Mwamuzi alingoja dakika arobaini, akafunga mchezo. Mchezo uliokatishwa kabla ya zamu tano unahesabiwa haukuchezwa, na msimu umekwisha, haurudiwi. Kila kilichotokea ndani yake kinafutwa, na kituo chako pamoja nacho.

Sasa kama mtu. Dhiren mwenyewe alinifuata chini ya mwavuli akaniambia, "Mzee, kiandike tu, sisi hatutasema kitu." Hillary naye alisema hivyo. Sikukiandika. Ningekiandika, basi yote yaliyomo katika madaftari haya yangekuwa mapenzi yangu tu, na hata wewe usingekuwa na la kuyatafuta kabatini. Ukinichukia kwa hilo nitakuelewa.

Lile la tarehe 24 Agosti ni jambo jingine. Lile ni kosa langu, na bado liko wazi. Lakini ulilikataa kwa maandishi, kwa hiyo ni wewe wa kulirudisha kwa maandishi. Sitalifanya bila neno lako.

Nilimwonyesha Hillary ukurasa wake wa 2011, nikamwambia na yale ya chai. Akasema, "Kumbe mimi pia sikurushiwa." Sikumbuki kumsikia akisema jambo kwa sauti ndogo hivyo. Baadaye akauliza, endapo utakubali, ubaoni aandike nini. Nafasi iliyobaki chini ya jina la nne ni ya kiganja kimoja. Anafikiri "Big Mama" linaenea.

Vijay


Hayes,
Jumatano, 17 Septemba 2025

Mzee Vijay,

Sikuchukii. Jumapili nilikuchukia kuanzia uwanjani mpaka mlangoni kwangu, kama saa moja na robo hivi, kwa sababu basi lilichelewa. Nilipofika Miska alinivua viatu, akaniambia, kwa Kiswahili, mtoto ambaye hunijibu Kiingereza hata nikimuuliza kama ameswali, "Mama, umefika kabla ya mpira. Nimeona." Sikujua kama alikuja. Alikuwa amesimama nyuma ya uzio, kwenye mvua ileile. Nililia, basi, na chuki ikaniishia hapo.

Umefanya vizuri kukifuta. Ungenipa cha Jumapili ningekirudisha.

Ila nimefikiri siku tatu, nikiwa napanga masanduku, na sasa nasema hivi. Nilikataa cha Agosti kwa kiburi. Nilitaka kwanza nitazamwe, ndipo kiwe changu. Haya, Jumapili nimetazamwa. Nilitazamwa na timu mbili, waamuzi, wewe umesimama, na binti yangu nyuma ya uzio. Mvua ikaja ikafuta vyote, na macho yao yote hayakunizuilia hata kimoja. Kumbe siku zote nilikuwa naomba kitu ambacho hakiandikwi daftarini. Kinachoandikwa ni kama umefika.

Tarehe 24 Agosti nilifika. Nilisoma kisigino, nikaondoka na mguu wa kushoto, nikapiga hatua kumi na tatu, nikafika. Kukimbia ilikuwa kazi yangu na niliifanya. Kutazama ilikuwa kazi yao na yako, na hamkuifanya. Kwa nini mimi ndiye nipungukiwe? Wangenijali wangerusha. Hawakurusha, kwa hiyo nimewaibia wakiwa macho wazi, na huo ndio wizi mkubwa zaidi niliofanya msimu mzima.

Kwa hiyo katazo langu la tarehe 6 naliondoa, kwa maandishi, na saini iko chini. Siombi. Nadai. Futa ulichoandika, uandike ameiba. Pembeni, pale ambapo kwa Hillary uliandika mbio zake zimewakatisha tamaa, kwangu andika ukweli: karani alikuwa anamimina chai. Andika kwa wino, usiandike kwa penseli. Atakayefungua kabati hilo baada ya miaka kumi na nne, naye akiwa na kilo zake au miaka yake au lolote watakalokuwa wanamhesabia, akute maneno hayo ajue pa kuanzia.

La Hillary liacheni. Alikimbia kweli, na mtu aliyekimbia hanyang'anywi. Mwambie tu msimu ujao nikifika kituo cha kwanza asiinue mkono.

Msalimie Sushila, mwambie aanze kukusemesha, na Jumapili nakuja na bajia. Hizo zinapitishwa kwa wageni.

Limebaki la ubao. "Big Mama" sitaki, si pale. Fulana ile naivua leo. Jina nililopewa na wazazi wangu ni Mwanamwema, liandikwe lote, herufi zote kumi, ukubwa uleule wa wale wanne. Kiganja kimoja hakitoshi, najua. Ongezeni ubao.

Mwanamwema Shaame Faki